Nakala Mbili

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu Kwanini,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye kiti cha kunyolea, maana ndipo nilipokaa nikiandika. Mteja wa asubuhi ameondoka na wa mchana hajafika. Mimi ni mzima, goti tu linalalamika nikisimama sana. Mama yako naye mwili hauna neno. Anakula vizuri, anatembea kunizidi, na jana alimwambia mteja wangu kwamba nimemnyoa upande. Nilipoangalia vizuri, kweli nilikuwa nimemnyoa upande.

Najua unashangaa kwa nini naandika barua kama watu wa zamani na simu ninayo hapa dukani. Tatizo ni kwamba simu ikilia tu, mama yako anaipokea kabla yangu. Si unajua miaka yote ile aliyokaa kwenye ubao wa simu akiunganisha watu? Basi anauliza, nikuunganishe na nani. Ukisema unanitaka mimi anakwambia subiri, anaiweka simu mezani, halafu anakwenda zake. Na nikiiwahi, anasimama pembeni kuhakikisha siongei sana, kwa sababu laini ni moja na watu ni wengi. Barua hailii, ndiyo maana nimeichagua.

Sasa neno lenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa nachonga ndevu za mtu, nikageuka, dada hayupo. Nilifunga duka na mteja akiwa na povu shavu moja, tukatoka wote wawili kumtafuta. Tulimkuta kwenye lile jengo lililokuwa la simu, ambalo sasa wanauza viatu. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kujaribia viatu, mgongo wima, mikono magotini, anangoja zamu yake ianze. Wenye duka walikuwa wamempa maji. Aliponiona aliniuliza kama mimi ndiye niliyetumwa kumpokea. Nikasema ndiyo, tukarudi.

Sikuandikii hivi ili ulie. Ila nimekumbuka kwamba marehemu bibi yako alianza vivi hivi, na sisi tukasema ni uzee tu. Wewe unafanya kazi na watu wa ubongo huko. Niambie kwa lugha ya kinyozi: hiki ni kitu gani, na kinatokaje kwa mama kikaingia kwa mtoto?

Msalimie mchumba wako, mwalimu wa hesabu. Mwambie nangoja tarehe ya harusi, nisije nikawa nanyoa kichwa cha mtu siku hiyo.

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Machi

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo. Mvua imenyesha huku mpaka ukuta wa jikoni kwangu umeota ukungu, na jirani wa ghorofa ya juu amenunua tarumbeta. Mpaka sasa anajua noti moja, na anaipenda sana.

Kuhusu simu, usiwe na wasiwasi. Mara ya mwisho Mama aliponiambia nisubiri, nilisubiri. Nilisikia mashine yako ikinguruma, nikasikia redio, nikamsikia mtu akikwambia upunguze juu uache pembeni. Sikukata. Nilikuwa kama nimekaa kwenye benchi lako la wateja.

Umeuliza kwa lugha ya kinyozi, nitajaribu. Madaktari wanaamini alichonacho Mama ni Alzheimer. Seli za ubongo zinazingirwa na uchafu ambao kwa kawaida ubongo huusafisha wenyewe, zinaanza kushindwa kuongea, halafu zinakufa polepole. Shida yetu sisi watafiti ni kwamba huwezi kumfungua kichwa mtu aliye hai uangalie. Unaona ukiwa umeshachelewa.

Kwa hiyo tunafanya hivi. Tunachukua damu kidogo kwa mgonjwa. Seli za ile damu tunazirudisha nyuma, kwenye utoto wao kabisa, kabla hazijaamua zitakuwa damu, ngozi au moyo. Hizo ndizo seli shina. Kisha tunazilea, tunazipa maelekezo, na zinakua kuwa seli za ubongo za yule yule mtu, na kila alichorithi kwao kimo ndani. Zinaishi kwenye visahani, ndani ya kabati lenye joto la mwili, zinakula maji ya rangi ya waridi. Hazina mawazo wala hazimkumbuki mtu, usije ukaogopa. Ila ukiziangalia kwenye hadubini unaona zinanyoosha mikono na kutafutana.

Na hapo ndipo ninapofikia jambo langu. Kundi moja hapa kwetu linatafuta familia ambazo ugonjwa huu umepita kwa mama na mtoto. Wanataka damu ya mgonjwa, na ya ndugu yake wa tumbo moja ambaye hajaugua. Wangependa ya Mama. Mimi siruhusiwi kuwa katikati, wao wenyewe watakuja kuongea nanyi, na mkisema hapana, basi yameisha. Lakini sikutaka ulisikie jambo hili kwa mgeni.

Fikiria, Mjomba. Usiharakishe.

Mpwa wako,
Kwanini

*

Tarehe 30 Machi

Kwanini wangu, marahaba.

Huku hatujambo. Ukungu wa ukutani paka chokaa, na wa tarumbeta mpelekee keki, labda ataupumzisha mdomo.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena kesho yake. Nikuambie ukweli, nilikasirika kidogo. Nilisema, huyu mtoto ana miaka hajaja kumwona mama yake, sasa anatuma watu na sindano. Kisha hasira ikaisha, maana mimi hasira hazinikai. Nikabaki na swali moja. Nani wa kusema ndiyo kwa niaba ya dada yangu? Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsemea kitu. Mimi hata shati alikuwa ananichagulia yeye.

Basi nikaona nimuulize mwenyewe. Nilingoja asubuhi nzuri, zile ambazo macho yake yanakuwa yake. Nilikuwa namwosha nywele kwenye beseni la dukani, anapenda maji ya vuguvugu, anafumba macho. Nikamwambia kuna watu wanataka damu yako, waisome. Akaniuliza wanataka kujua nini. Nikasema wanataka kujua kwa nini watu wanasahau.

Alifumbua macho, maji yanamchuruzika sikioni. Akasema, "Mimi nimesahau?"

Nilimmiminia kopo jingine la maji. Nikamwambia, kidogo.

Akasema, "Basi waje wachukue. Lakini mtoto wangu wasimguse, yeye ana shule."

Nikamwahidi. Kwa hiyo wewe hujaguswa, una shule. Hao watu waambie waje, mimi nitakuwa pembeni yake, na akibadilisha neno tu nitawarudisha mlangoni.

Mwalimu hukumtaja. Nimeisoma barua mbele na nyuma nikimtafuta. Hajambo?

Mjomba

*

Tarehe 11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Seli hazijui Jumapili, lazima zilishwe.

Maneno ya Mama nimeyapokea. Asante kwa kumuuliza.

Watakuja mwezi ujao, daktari mmoja na muuguzi. Watamweleza Mama tena, na wewe pia. Wangependa na damu yako, kama ndugu ambaye hajaugua. Ukitaka kujua wamekuta nini kwenye damu yako, kuna mshauri atakayekaa na wewe kukueleza. Ukiwa hutaki, hutaambiwa. Watu wengi hawataki, na hakuna ubaya.

Mwalimu hajambo, anakusalimia.

Kwanini

*

Tarehe 17 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyeanguka. Usishtuke, nitaeleza.

Wageni wako walikuja. Daktari ni mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Muuguzi ni mwanamke mnene mwenye kicheko. Walikaa na dada kwenye kochi, wakamweleza, akawasikiliza kama mkuu wa ofisi. Walipomaliza aliwauliza wana kibali cha nani kuingia chumba cha mitambo. Muuguzi akasema, tumekuja kwa kibali chako wewe. Akaridhika, akatoa mkono. Hata hakukunja uso. Aliitazama damu ikiingia kwenye kichupa, akasema, "Rangi nzuri."

Ikaja zamu yangu. Mimi damu za watu naziona kila wiki, ndevu zina chunusi, wembe unateleza, ni mambo ya kawaida. Lakini damu yangu mwenyewe, sijui. Niliona sindano inaingia, halafu nikaona dari. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu yangu juu ya stuli, na dada amenishika kichwa. Alikuwa anamfokea muuguzi kwamba huyu kijana ni mwoga tangu mdogo, mngeniuliza ningewaambia. Angalia hapo. Jina langu hajalitaja tangu mwaka juzi, lakini uoga wangu anaukumbuka.

Nimewaambia nataka kujua majibu yangu. Wewe umesema wengi hawataki. Mimi nataka. Umri ambao ugonjwa ulimkamata bibi yako nimeshaupita, na wa dada nao naupita mwaka huu. Nataka kujua kama nimeruka shimo au sijalifikia.

Sasa lingine. Mwalimu wako alipiga simu. Kwanza aliongea na mama yako, kwa muda mrefu, nikasikia anamwambia laini ya kwetu ina kelele avumilie. Akanipa. Kijana alikuwa na adabu kama kawaida yake, aliuliza hali, akauliza biashara. Kisha akasema harusi imeahirishwa na wewe, mara ya pili sasa, na kila akiuliza sababu unamwambia kazi. Akasema hataki kukulazimisha ila angependa kujua kama amekukosea.

Nilimwambia sijui. Na kweli sijui. Sikuulizi, Kwanini. Nimekuambia tu ili ujue kwamba mimi nimeshajua.

Mjomba wako,
mwoga tangu mdogo

*

Tarehe 20 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nimecheka sana kwa kuanguka kwako, nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akauliza kuna nini. Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, tunapoweka mitungi ya gesi, kwa sababu kicheko kiligeuka kitu kingine.

Habari za huku si mbaya. Ukuta nimepaka chokaa. Wa juu sasa ana noti tatu.

Nitakuambia ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana Mama alinipokea kwenye simu, nikasema ni mimi, mwanao, akanijibu kwa sauti yake ya kazini kwamba hana mtoto kwenye orodha. Wiki ile ile nilikwenda kliniki ya mbali na kazini, nikapimwa.

Kuna jeni moja, Mjomba, ambayo kila mtu ana nakala zake mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ina matoleo kadhaa. Moja ya matoleo hayo linaongeza hatari ya Alzheimer. Ukiwa na nakala moja ya aina hiyo, hatari inapanda. Ukiwa nazo mbili, inapanda sana. Mimi ninazo mbili. Moja ni ya Mama. Nyingine ni ya Baba, ambaye alifariki kijana, kwa hiyo upande wake hakuna aliyewahi kuona kitu.

Siyo hukumu. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, nimeliandika kwenye ripoti, nimewaeleza wanafunzi. Wako wenye nakala mbili wanaozeeka na akili zao, na ndiyo maana tunazilea hizi seli, tujue wenzao wanaougua wana nini, na wao wana nini. Mchana naeleza hivyo kwa sauti thabiti. Nikirudi nyumbani nashindwa kukumbuka nilipoweka ufunguo, na najiambia imeanza.

Mwalimu hajanikosea. Ni mwema mno, hilo ndilo tatizo. Najua asingeondoka. Angenioa, na siku ikifika angekuwa ananitafuta kwenye maduka ya viatu, ananiosha nywele, anapokea simu baada yangu. Nakuona wewe, Mjomba. Hukuoa tena baada ya mkeo kufariki, husafiri, hulali usingizi wa kushiba, umefungwa kwenye duka na nyumba. Nimekaa mbali si kwa sababu ya kazi. Nimekaa mbali kwa sababu kila nikija nakutazama wewe zaidi ya ninavyomtazama Mama, na ninajiambia, sitamfanyia mtu hivi.

Sitaki mtu mwingine awe wewe. Ndiyo sababu yenyewe. Nimeisema.

Kwanini

*

Tarehe 2 Septemba

Kwanini wangu, mtoto wa dada yangu,

Barua yako imefika leo na nimefunga duka ili nikujibu. Nimeandika mlangoni kwamba kinyozi ana dharura. Dada yuko hapa pembeni anafagia nywele, ananizungushia ufagio miguuni kwa sababu namzuia.

Nianze na langu. Mshauri alikuja wiki mbili zilizopita. Alitaka tukae faragha, nikamwambia dada ndiye faragha yangu. Alinichorea zile nakala kwenye karatasi, kama ulivyoeleza wewe. Nami ninazo mbili. Zile zile. Akanieleza polepole kwamba nisidhani nimepona kwa kuwa niko mzima leo, inaweza ikaja bado. Nikasema nimeelewa. Akaniuliza najisikiaje. Nikamwambia najisikia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imejengwa juu ya shimo, akaangalia sakafu, akakuta meza imekaa sawa, akaamua kunywa chai yake. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Kwa hiyo tuko watatu. Mmoja ameugua, mmoja amezeeka hajaugua, mmoja hajui. Hao wenzako wakitaka kuulizana kwa nini, wana pa kuanzia.

Sasa nije kwenye maneno yako, na hapa nitakufokea kidogo, vumilia.

Umeniandika kama mfungwa. Usingizi kweli ni mchache, na goti ni baya, na zipo siku naingia chooni kuegemea ukuta tu, nipate dakika ya kutoulizwa kitu. Sikufichi hayo. Lakini yako mengine huyajui kwa sababu hukuwahi kukaa ukayaona.

Dada hanijui tena kuwa mimi ni mdogo wake. Anajua mimi ni kinyozi. Kila siku akikaa kwenye kiti nimchane, anatazama mikono yangu kwenye kioo, halafu ananiambia kwamba ana mdogo wake naye ni kinyozi. Nami namuuliza yukoje huyo. Basi hapo anaanza. Kwamba alikuwa mtundu lakini ana moyo mzuri. Kwamba alijifunza kazi kwa kunyoa mbuzi wa jirani na akapigwa. Kwamba baba yetu alipokufa huyo mdogo wake ndiye aliyemtuliza yeye dada, ingawa alikuwa mtoto. Kwamba hajawahi kumwambia, maana angevimba kichwa. Kwanini, tangu nizaliwe dada yangu amenifokea. Shati limekunjamana, sauti ya redio kubwa, mke niliyemchagua sio. Sikuwahi kujua kama ananipenda hivyo. Sasa nasikia karibu kila siku, na kila mara anaongeza kipya. Unataka kuniambia nimefungwa?

Hakuna aliyeniuliza kama nataka kazi hii, ni kweli. Ilikuja tu. Lakini mtu angeniuliza, ningesema ndiyo. Na ningekasirika sana nikigundua kwamba mtu amekaa mwaka mzima akijibu hapana kwa niaba yangu.

Hilo ndilo ulilomfanyia yule kijana. Labda akisikia ataondoka, sijui, watu hawajulikani. Akiondoka njoo nyumbani, kuna kitanda. Lakini muulize.

Nakupenda. Dada amemaliza kufagia, amefagia na kalamu yangu ya akiba.

Mjomba

*

Tarehe 12 Oktoba

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimekaa na barua yako mfukoni mwa koti la maabara mpaka imelegea kwenye mikunjo. Habari za nakala zako nimezisoma mara nyingi. Nilikuwa nakutazama siku zote kama mtu aliyesimama ng'ambo salama, anatuhurumia sisi. Kumbe tuko upande mmoja. Nimejisikia vibaya kufarijika, lakini nimefarijika.

Nilimwambia mwalimu. Nilikwenda shuleni kwake baada ya watoto kutoka, alikuwa anafuta ubao. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama karibu na mlango, nadhani ili niweze kukimbia. Aliendelea kufuta mpaka pasipoandikwa. Kisha akageuka.

"Mwaka mzima unanipa jibu," akasema. "Leo ndiyo unanipa swali."

Alikasirika, Mjomba. Sijawahi kumwona hivyo. Hakukasirikia jeni, alinikasirikia mimi, kwamba nilimwacha afikiri ana kosa, na kwamba hata wewe umejua kabla yake. Aliniomba nimwache afikiri. Siku zikapita hajapiga. Nilifanya kazi, nikalisha seli, nikamsikiliza wa juu na noti zake. Jumamosi akagonga mlango akiwa na begi la madaftari ya kusahihisha. Alikaa mezani kwangu, akasahihisha yote, mimi nimekaa kochini sijui nifanye nini. Alipomaliza akasema anataka mambo mawili. Tuje huko, akae na Mama na wewe, aone kwa macho yake badala ya kuona kwa hofu yangu. Na kama nikija kuugua, nisije nikamwonea haya. Akasema hayo mengine tutayakuta njiani. Nikasema ndiyo. Nililia, naye akanipa karatasi ya mtihani ya mwanafunzi nijifutie, maana hakukuwa na kingine karibu.

Kazini nimefanya jambo moja. Nimemwambia mkuu wangu kwamba kati ya damu zilizokuja mwezi wa sita, zipo za nyumbani kwetu. Zina namba tu, sijui ni zipi, lakini nilikuwa nikiinama kwenye hadubini naanza kutafuta. Naona kisahani kimoja seli zinajisafisha vizuri, kingine zimezidiwa, na moyo unauliza, huyu ni Mjomba, huyu ni Mama? Mtafiti hawezi kufanya kazi hivyo. Amenihamishia upande mwingine, bila ugomvi. Mwenzangu ndiye anayezilea sasa. Ana mikono mizuri, na nimemwomba tu asizicheleweshee chakula. Hakuniuliza kwa nini.

Tunakuja mwisho wa Novemba. Harusi tumeamua ifanyike huko huko, kwenye ofisi ya serikali, watu wachache. Sitaki kungoja siku ambayo Mama atanijua. Nataka awepo tu.

Kwanini

*

Tarehe 14 Desemba

Mjomba, shikamoo.

Tumefika salama, mwalimu anakusalimia, na jirani wa tarumbeta amehama. Kimya kimezidi, sikutegemea.

Kuna kitu hukukiona siku ya harusi, ulikuwa unahangaika na viti vya ile ofisi. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nangoja tuitwe. Mama alikuja peke yake, akanitazama kuanzia juu mpaka chini. Akaniuliza kama mimi ndiye bibi harusi. Nikasema ndiyo, mama. Akauliza, "Umemchagua mwenyewe?" Nikasema nimemchagua mwenyewe. Akainua mkono, akaninyooshea kola, akanipapasa bega kufuata mshono, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi nikienda shule. Akasema, "Basi simama wima."

Nikasimama wima. Nilitaka ujue.

Na ahsante kwa wiki ile. Nilimwona mwalimu akimsikiliza Mama anavyokusimulia wewe mbele yako, na wewe umeshika sega unajifanya humjui huyo mdogo wake. Usiku ule mume wangu aliniambia sasa ameelewa. Sikumuuliza ameelewa nini.

Nitakuja tena mwezi wa nne. Nikae nawe mwezi mzima, wewe ulale.

Mwanao,
Kwanini

*

Tarehe 5 Januari

Kwanini wangu, marahaba, na mume wako pia.

Sisi hatujambo. Goti limepewa dawa ya kupaka inayonuka, wateja wanalalamika. Mwezi wa nne nimeuandika ukutani kwa chaki kubwa, na kulala nitalala, usije ukabadilisha mawazo.

Sikuwa na hakika kama nikuandikie hili, maana linaweza kukuchoma. Lakini umeniambia la kola, nami nitakuambia la kwangu.

Mlipoondoka siku ile, gari lilipokunja kona, dada alibaki amesimama mlangoni. Nilimwambia tuingie ndani, jua kali. Hakutaka. Akaniuliza, "Yule binti ana mama?"

Nikasema anaye.

"Ni nani?"

Kwa kawaida simsahihishi, nimejifunza kumfuata anakokwenda. Lakini siku ile sikuweza. Nikamwambia, ni wewe.

Akanitazama usoni, akatafuta kama namcheka. Kisha akacheka yeye. "Usinitanie, kinyozi," akasema, akageuka kuingia ndani. Alipofika kwenye kizingiti akasimama, akaitazama tena ile kona.

"Lakini ningemkubali."

Mjomba wako